Wakonyingo wa Kilimanjaro: Habari Zao na Maana Yake

Mtu asimamaye Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, huona nchi tatu zimepangwa moja juu ya nyingine. Chini ni uwanda mkavu wa michongoma na majani. Juu yake ni vihamba vya migomba na kahawa, vimwagiliwavyo kwa mifongo iliyochimbwa na mababu. Juu ya vihamba ni msitu mweusi, na baada ya msitu ni mawe matupu na barafu ya Kibo. Nchi mbili za kwanza zina wenyewe wanaojulikana. Kuhusu nchi ya tatu, wazee wa Kichaga walisimulia kwamba nayo ina wenyewe, na jina lao ni Wakonyingo.

Yasemekana kwamba Wakonyingo ni watu wa kimo cha mtoto, lakini vichwa vyao ni vikubwa mno kuliko miili. Kwa sababu ya uzito wa vichwa hivyo hawalali chini kama watu wengine. Huketi wakaegemea ukuta wa nyumba zao mpaka kuche. Mmoja wao akianguka hawezi kuinuka peke yake, na kwa hiyo kila Mkonyingo hufunga pembe ubavuni, apate kuipiga na kuwaita wenziwe waje kumwinua. Hukaa juu Kibo, wana mangi wao, wana baraza yao na ng'ombe wengi. Tena husemwa kuwa wana ngazi ambazo kwazo hutoka kileleni mwa mlima wakaifikia mbingu, maskani ya Ruwa.

Habari hizi ziliandikwa mara nyingi mwanzoni mwa karne ya 20. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyeishi Moshi ya Kale miaka mingi, alikusanya hadithi za Wachaga katika kitabu alichokichapisha mwaka 1914. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza katika wilaya ya Moshi, alitoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Lakini elimu yenyewe haikuwa yao; ilikuwa ya wazee walioketi nao, na ya wenyeji waliojua kuandika kama Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyejaza madaftari kwa historia ya wamangi na koo za mlimani.

Hadithi ijulikanayo kuliko zote ni ile ya ndugu wawili, Mkunare na Kanyanga. Baba yao alikuwa fukara, hana hata ng'ombe mmoja. Mkunare, aliye mkubwa, akasema atapanda Kibo, kwa kuwa amesikia huko juu yuko mangi mwenye kuwahurumia maskini. Akafunga chakula akaenda. Njiani akamkuta bibi kizee ambaye macho yake yalikuwa yamevimba na kuziba kwa tongo. Bibi akamwambia, "Nirambe macho yangu yatakate, nami nitakuonyesha njia." Mkunare akaona kinyaa, akapita. Alipofika kwa Wakonyingo aliwakuta wazee wa baraza wameketi uwanjani kwa mangi, na kila mmoja kimo chake ni cha mvulana achungaye mbuzi. Akadhani ni watoto. Akawaamkia kama mtu aamkiavyo watoto, akawaambia wampeleke kwa baba zao na kaka zao. Wakamjibu, "Ngoja, watakuja." Akangoja hata jioni. Ng'ombe wakaingia zizini, mnyama akachinjwa, nyama ikaokwa, naye hakupewa. Kila alipoomba aliambiwa angoje mpaka baba zao watakapokuja. Hatimaye njaa ikamshinda, akashuka. Akapotea nyikani, akafika kwao baada ya mwezi mzima, akasema kwamba Kibo kuna ng'ombe wengi lakini wenyewe ni wachoyo.

Ndipo Kanyanga, mdogo wake, akaenda. Alipomkuta bibi kizee alimramba macho bila kusita. Bibi akamwambia, "Utakaowakuta ni wadogo kama wavulana. Usiwadhanie watoto. Hao ni wazee wa baraza ya mangi; waamkie kwa heshima iwapasayo." Kanyanga akafanya hivyo. Wakampeleka kwa mangi, naye akamsikiliza shida yake, akampa chakula na mahali pa kulala. Kanyanga akalipa wema huo kwa kuwafundisha dawa na maneno ya kukinga mazao yasiliwe na wadudu, na ya kufunga njia adui asiingie nchini. Wakonyingo wakafurahi, kila mmoja akamtolea ng'ombe, naye akashuka akiswaga kundi lake huku akiimba. Jamaa zake wakawa matajiri. Na Mkunare? Watu walimtungia wimbo wa kumcheka, wakimwuliza kwa haki gani aliwadharau watu wadogo.

Anayeisoma hadithi hii kwa haraka hupata onyo la kawaida la kutodharau. Lakini mwenye kuyajua maisha ya Wachaga wa zamani huona zaidi. Kosa la Mkunare ni la kisheria. Aliingia katika uwanja wa mangi, mahali pa hukumu na shauri, akawanyima wazee salamu yao. Katika nchi ambayo cheo, umri na rika vilionekana katika jinsi watu walivyoamkiana, jambo hilo lilikuwa sawa na kuikana mamlaka ya wenye nchi. Wakonyingo nao hawakumpiga wala kumfukuza. Walimshika kwa neno lake mwenyewe: alisema wao ni watoto, nao wakatenda kama watoto, kwani mtoto hana idhini ya kumgawia mgeni nyama. Kanyanga naye hakupata ng'ombe kwa kuombaomba. Alitoa elimu ya mkulima akapokea mali ya mfugaji. Hilo ni badilishano la watu wawili wenye heshima, wala si sadaka.

Watu wa pwani nao walikuwa na habari zao. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alisikia kwa Waswahili juu ya Wabilikimo, wakaao mbali bara, upande wa magharibi wa Uchaga. Katika kamusi yake, iliyochapwa London mwaka 1882 baada ya kufa kwake, alilifasiri jina hilo kuwa ni "wawili kimo", yaani watu ambao urefu wao ni vipimo viwili tu vya kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Waswahili walimwambia kwamba maarifa yao ya uganga waliyapata kwa watu hao, na kwamba Wabilikimo wana ndevu nyingi na kila mmoja ana kiti kidogo kilichogandamana na makalio yake, hakianguki popote aendapo. Krapf hakuyasadiki hayo. Hata hivyo mwaka 1870 Georg Schweinfurth, msafiri wa Kijerumani, aliwaona kwa macho yake watu wafupi wa msituni katika milki ya Munza, mfalme wa Wamangbetu, kaskazini mashariki ya Kongo. Kiti cha makalio kilikuwa uzushi, lakini habari ya kuwa wapo watu wafupi barani haikuwa uzushi. Hapa yapo mafunzo kwa mwanahistoria: habari iliyopambwa si lazima iwe habari ya uongo.

Ama kilele chenyewe, si hadithi tu zilizokizunguka. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, alisimuliwa kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakajue kile kitu cheupe ni nini. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Mtu akiyafikiri mambo hayo hatashangaa kwamba nchi ya juu ilihesabiwa kuwa na wenyewe, na kwamba wenyewe hao walitaka kuendewa kwa adabu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Hawakukuta zizi wala ngazi.

Je, Wakonyingo walikuwa watu kweli? Zipo koo za Kichaga ambazo katika masimulizi yao husema kwamba mababu walipoingia msituni waliwakuta watu wafupi, wawindaji, ambao walirudi nyuma na kupanda juu kadiri miti ilivyofyekwa na migomba ilivyopandwa. Masimulizi ya namna hiyo si ya Kilimanjaro peke yake. Wakikuyu husimulia juu ya Wagumba, watu wafupi waliokaa katika mashimo ya ardhi kabla yao, kisha wakatoweka. Jomo Kenyatta aliwataja katika kitabu chake cha mwaka 1938. Wachewa wa Malawi na Wazulu wa kusini wana hadithi za watu wafupi ambao wakikutana na mtu humwuliza, "Uliniona kutoka wapi?" Mwenye busara hujibu kwamba amewaona tangu mbali sana, ajibuye kwamba amewaona sasa hivi, karibu, huhatarisha maisha yake. Hata Ulaya, Waayalandi husimulia habari za kabila la kale lililoshindwa vitani likaingia chini ya vilima. Kila mahali shida ni ile ile: aliyekuja baadaye hana budi kumweleza mtoto wake ni nani aliyekuwapo kwanza, na amekwenda wapi.

Lakini tahadhari yafaa. Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya yapo mashimo mengi ambayo watu waliyaita nyumba za Wasirikwa, kabila lililopotea. Mwanaakiolojia John Sutton alipoyachunguza alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Shimo lilikuwapo kwanza, hadithi ya nyumba ikalifuata. Kilimanjaro nako, uchunguzi wa ardhi, kama ule ambao Knut Odner aliutolea ripoti mwaka 1971, umethibitisha kwamba watu walikaa miteremkoni tangu zamani za kale, kabla ya ukoo wowote wa leo kukumbuka safari yake. Bakuli za mawe zimepatikana huko, za namna ile ambayo mahali pengine Afrika Mashariki hufungamanishwa na wafugaji wa kale. Chombo hakisemi kimo cha aliyekitumia. Hata hivyo si jambo dogo kwamba Wakonyingo wa hadithi wana ng'ombe, hali wale wa masimulizi ya koo ni wawindaji. Huenda jina moja limebeba kumbukumbu za watu zaidi ya mmoja. Na sura ya mangi, baraza na zizi yaelekea ni sura ya Wachaga wenyewe, iliyopandishwa juu ya mawingu.

Jambo hili lina uzito kuliko burudani. Katika enzi ya ukoloni ardhi ya mlima iligawanywa mara nyingi: walowezi walipewa mashamba chini na kandokando ya vihamba, msitu ukatengwa, na mwaka 1921 Waingereza wakaufanya kuwa hifadhi ya misitu. Mwaka 1973 ikaundwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kila mgawanyo ulikuwa na ramani yake, na katika ramani nchi iliyo juu ya vihamba yaonekana tupu. Masimulizi ya Wakonyingo yanakataa utupu huo. Yanamkumbusha mgeni kwamba pana wenyewe. Vile vile yanamkumbusha Mchaga kwamba naye alikuwa mgeni siku moja, na kwamba kihamba chake, alichokirithi kwa babu na alichokizungushia masale, kilipatikana mahali ambapo mwingine aliwinda. Ni kabila gani lingehifadhi kwa hiari ushuhuda wa namna hiyo juu yake lenyewe, kama halikuuona kuwa ni kweli ya lazima?

Sasa barafu ya Kibo inakwisha. Wataalamu wameipima na kuona kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 sehemu kubwa yake, kama asilimia 85, ilitoweka. Maelfu ya wageni hupanda kila mwaka wakiongozwa na wapagazi na waongozaji, wengi wao wana wa mlima huo huo. Hapana hata mmoja anayetazamia kukutana na bibi kizee mwenye macho mabovu. Lakini katika vihamba vya Marangu, Machame na Moshi ya Kale bado wapo wazee wenye kuyajua majina ya Mkunare na Kanyanga, na watoto ambao hawajaambiwa. Kuandika peke yake hakutoshi, kwa maana kitabu cha Gutmann kimekuwapo tangu 1914, nacho ni cha Kijerumani. Inapasa hadithi hizi zisikilizwe tena katika Kichaga na katika Kiswahili, ukoo kwa ukoo, pamoja na jina la mahali na la mzee aliyesimulia, wakati wenye kuzijua wangali wakiweza kuulizwa. Na atakayekwenda kuwauliza aanze kwa kuwaamkia.