Uundaji wa ndege za kivita za mfano: Fahamu uraibu huu na historia ya anga ya Mlima Kenya

MKAZI wa Ruiri, kwenye barabara itokayo Meru kuelekea Isiolo, huuona Mlima Kenya upande wa kusini magharibi. Msitu wa mlima huo umewahi kuangushiwa mabomu kutoka angani katika vipindi viwili tofauti. Cha kwanza kilikuwa kati ya 1953 na 1955, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Cha pili kilikuwa Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi.

Ndege zilizohusika zinajulikana kwa majina: Harvard na Lincoln za Waingereza katika kipindi cha kwanza, F-5 na Strikemaster za Kenya katika cha pili. Watu wengi wamezisikia tu katika masimulizi ya wazee. Hata hivyo, kuna uraibu unaomwezesha mtu wa kawaida kuziunda upya, zikiwa ndogo za kutosha kukaa mezani, kwa vipimo vilivyo sahihi.

Asili ya uraibu

Mnamo 1936 kampuni ya Uingereza iliyotumia jina la Frog ilianza kuuza ndege za mfano za plastiki za kuunganishwa nyumbani, chini ya jina la Penguin. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, mifano ikawa chombo cha kazi. Mapema 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule kutengeneza mifano 500,000 ya ndege ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui.

Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mjini London mwaka 1939, ilitoa ndege yake ya kwanza ya mfano, Spitfire, katika miaka ya 1950. Kwa hivyo watoto wa Uingereza walianza kuunganisha Spitfire za Airfix katika muongo ule ule ambapo ndege halisi za nchi yao zilishambulia misitu ya Kenya. Kuna pia kampuni nyingine kama vile Revell, Italeri ya Italia, na Tamiya na Hasegawa za Japani.

Maana ya skeli

Skeli ya ndege ya mfano ni sawa na ile ya ramani. Katika skeli ya 1/72, kila sentimita 1 ya mfano huwakilisha sentimita 72 za ndege halisi. Kipimo hiki kilitokana na hesabu ya Kiingereza ambapo inchi 1 ilisimama badala ya futi 6, hivi kwamba mtu mrefu wa futi 6 huwa na kimo cha inchi moja tu. Skeli nyingine zinazotumika sana ni 1/48, 1/32 na 1/144.

Chukua F-5E, ambayo urefu wake ni karibu mita 14.45 na upana wa mabawa mita 8.13. Katika 1/72 itakuwa na urefu wa sentimita 20 na mabawa ya sentimita 11.3. Lincoln, yenye mabawa ya mita 36.6, itahitaji karibu sentimita 51 za meza.

Hesabu hiyo hiyo inafichua kwa nini kazi hii inadai mkono mwepesi. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 7.2 kwenye ndege halisi. Nao ufa wa milimita 3 kati ya mabati mawili ya ndege unapaswa kuwa milimita 0.04 kwenye mfano, yaani mwembamba kuliko unywele.

Hatua za kazi

Vipande vya plastiki huja vikiwa vimeshikamana na fremu. Kwanza vioshwe kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta yaliyotumika kiwandani huzuia rangi kushika. Kila kipande kikatwe kwa kisu kikali, kilainishwe kwa msasa, kisha kijaribiwe mahali pake kabla ya gundi.

Chumba cha rubani hutangulia: kiti, usukani na saa za vipimo hupakwa rangi mapema, maana hakuna brashi itakayofika humo pande mbili za mwili wa ndege zikishaunganishwa. Ndege yenye gurudumu la mbele huhitaji uzito puani, kwa mfano risasi ya kuvulia samaki, la sivyo italalia mkia.

Gundi ya plastiki haigandishi kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kingo mbili hadi ziwe kitu kimoja, kwa hivyo tone dogo linatosha. Likizidi, huharibu umbo. Nyufa zinazobaki huzibwa kwa puti, kisha kusuguliwa kwa msasa laini uliolowanishwa.

Rangi ipakwe kwa matabaka mepesi, moja likauke kabla ya jingine. Katika maeneo makavu kama Ruiri, ambako upepo hubeba vumbi, ni vyema mfano ufunikwe kwa kasha wakati wa kukauka. Kabla ya kubandika nembo za maji, paka vanishi ya kung'aa. Juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini ya nembo na kuacha weupe usiopendeza. Vanishi isiyong'aa ndiyo humalizia.

Kisha hufuata kazi ya kuifanya ndege ionekane imetumika. Rangi nyeusi iliyochujuliwa sana hupitishwa kwenye mistari ya mabati, na masizi huchorwa nyuma ya bomba la moshi. Kosa la wengi ni kuzidisha. Ndege ya jeshi hutunzwa kila siku. Uchafu wake una mahali na sababu.

Asiyepata seti ya plastiki anaweza kutumia mti laini. Huchora umbo la ndege kutoka juu na kutoka ubavuni kwa skeli aliyochagua, hukata, huchonga, kisha huziba vinyweleo vya mti kwa rangi ya kwanza. Vijana waliozoea kutengeneza magari ya waya na ndege za mabua ya mahindi tayari wana nusu ya ujuzi huo. Kilichobaki ni rula.

Ndege za Mlima Kenya

Harvard ilikuwa ndege ya mafunzo yenye injini moja na viti viwili. Mwaka 1953 kikosi cha jeshi la anga la Uingereza, Flight 1340, kilizitumia kutoka Thika na baadaye Mweiga karibu na Nyeri, zikibeba mabomu madogo ya ratili 20, yaani kilo 9 hivi. Baadaye mwaka huo ziliongezwa Lincoln, ndege kubwa za injini nne zilizoruka kutoka Eastleigh, Nairobi, na kuangusha mabomu ya ratili 500 na 1,000. Chini ya miti walikuwamo wapiganaji wa Mau Mau, wakiwemo wa Meru ambao viongozi wao mashuhuri walikuwa Musa Mwariama na Baimungi.

Jeshi la Anga la Kenya lilianzishwa Juni 1964. Lilipata Strikemaster mwanzoni mwa miaka ya 1970 na F-5 mwaka 1978. Asubuhi ya jaribio la mapinduzi, waasi waliwalazimisha marubani watatu katika kambi ya Nanyuki kurusha F-5 mbili na Strikemaster moja ili wapige mabomu Ikulu na makao makuu ya kikosi cha GSU jijini Nairobi. Marubani hao waliyaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya na kurejea Nanyuki. Jeshi hilo lilivunjwa, likaitwa Eighty Two Air Force hadi 1994 liliporudishiwa jina lake.

Muundaji apaswa kuzingatia tarehe hizi. Seti nyingi huja na nembo za mataifa makubwa, na nadra sana za Kenya. Mwenye kutaka F-5 ya Nanyuki huagiza nembo kando au huzichora mwenyewe. Akikosea mwaka, ndege inakuwa ya jeshi jingine.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kadi iwekwayo kando ya mfano. Harvard iliyoandikwa jina tu ni pambo la sebuleni. Harvard iliyoandikwa "Mweiga, 1953" na shabaha ya mabomu yake ni ushahidi. Katika familia ambayo babu alijificha msituni, tofauti hiyo si ndogo, na ni haki yake kuulizwa kabla ya ndege hiyo kuwekwa mezani kwake.

Tahadhari

Gundi na viyeyusha rangi hutoa mvuke wenye madhara na hushika moto upesi. Fungua madirisha na ukae mbali na jiko. Vipande vidogo viwekwe mbali na watoto wachanga.

Aidha, usisimame kwenye ua wa kambi ya jeshi kupiga picha kwa ajili ya uraibu huu, kwani kufanya hivyo bila idhini kunaweza kukutia mashakani kisheria. Tumia picha zilizochapishwa magazetini na vitabuni, au zile za ndege zinapopita angani katika sherehe za kitaifa.