Dau la Mnyonge na Mbio za Viunzi

Wahenga wa Pwani walisema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Kwenda joshi ni kwenda kwa kuukabili upepo, jambo ambalo wavuvi wa Homa Bay na Karungu hulijua vema kila watwekapo tanga ziwani. Maana ya methali ni kuwa mtu asiye na nguvu, mali wala jina hafiki aendako upepo ukimpinga. Lakini methali hiyo ina mkia wake, nao husahauliwa mara nyingi: likienda joshi, ni Mungu kupenda. Basi wazee hawakuufunga mlango kabisa. Waliuacha wazi kidogo, kadiri ya mtu mmoja mwembamba kupita.

Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya swali. Siku moja, baada ya michezo ya shule, kijana mmoja wa Migori aliyekuwa wa pili katika mbio za kuruka viunzi na maji alinijia akiwa bado ana matope magotini. Kidimbwi chetu kilikuwa shimo lililochimbwa kwa majembe, na kiunzi kilikuwa gogo la mkaratusi. Akaniuliza: "Mwalimu, mtu kama mimi ana nafasi gani ya kupata nishani ya dunia? Mbio hizi si za watu wa milimani?" Sikumjibu siku ile. Jibu la haraka lingekuwa la kumfurahisha bure au la kumvunja moyo, na yote mawili ni dhuluma kwa aliyeuliza kweli. Insha hii ndiyo jibu langu, nawe msomaji nakualika ulipime.

Kwanza tuyajue mashindano yenyewe. Mkimbiaji huenda mita 3,000, na katika mwendo huo huruka viunzi 28 vikavu na kidimbwi mara 7. Jumla ni miruko 35. Kiunzi cha wanaume kina urefu wa sentimita 91.4 kutoka chini, na cha wanawake sentimita 76.2. Viunzi hivi si kama vile vya mbio fupi ambavyo huanguka vikiguswa. Ni mbao nzito zisizotikisika, na mguu ukigonga ni mguu utakaoumia. Mbele ya kiunzi cha maji kuna kidimbwi chenye urefu wa mita 3.66, kina chake kikiwa kirefu karibu na kiunzi na kupungua kuelekea mbele. Arukaye mbali hulowa kidogo. Arukaye karibu huzama mpaka magotini, na maji humshika kama mdai amshikavyo mdeni.

Asili ya mchezo huu ni Ulaya. Wapanda farasi wa Uingereza na Ireland walishindana kutoka kanisa hadi kanisa, wakiruka ua na vijito, na baadaye watu wakaiga kwa miguu yao. Tangu mwaka 1920, katika Michezo ya Olimpiki ya Antwerp, umbali umekuwa mita 3,000. Katika miaka iliyofuata, kama ungeuliza ni taifa gani lililozaliwa kwa mbio hizi, kila mtu angekujibu: Finland. Wafini walitwaa dhahabu mwaka 1924, 1928, 1932 na 1936, na mwaka 1928 walichukua nishani zote 3. Hakuna aliyetaja Afrika Mashariki. Ikumbuke habari hii, maana tutairudia.

Hata hivyo, mbio hizi zilikuwa na tabia ya kuwaaibisha watabiri. Mwaka 1952 huko Helsinki, macho yote yalimtazama Vladimir Kazantsev wa Urusi ya Kisovieti. Aliyeshinda ni Horace Ashenfelter, Mmarekani aliyekuwa mpelelezi wa serikali, ambaye wachache walimhesabu. Mwaka 1956 huko Melbourne, Chris Brasher alikuwa wa tatu kwa kutajwa miongoni mwa Waingereza watatu, wala si wa kwanza. Alimaliza mbele ya wote, akanyang'anywa ushindi kwa kudaiwa kumzuia mwenzake, kisha akarudishiwa baada ya rufani. Tazama basi: mara mbili mfululizo, aliyetarajiwa hakupata.

Sasa tufike Mexico City, mwaka 1968. Kenya huru ilikuwa haijatimiza miaka 5. Katika timu yake alikuwamo kijana wa miaka 21 kutoka Nandi, jina lake Amos Biwott. Tumpime kama ambavyo mtu mwenye busara angempima asubuhi ya tarehe 16 Oktoba, siku ya mbio za mwisho.

Dhidi yake yalikuwapo mengi. Alikuwa mgeni wa mchezo huo, asiye na sifa nje ya nchi yake. Katika mbio zile zile alikuwamo Gaston Roelants wa Ubelgiji, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Alikuwamo George Young wa Marekani, mzoefu wa miaka mingi, na Kerry O'Brien wa Australia, aliyepata fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston mwaka 1966. Hata miongoni mwa Wakenya, aliyetazamiwa alikuwa Benjamin Kogo, aliyepata shaba huko huko Kingston. Tena namna ya Biwott ya kuruka haikufanana na mafunzo ya walimu. Wenzake walikanyaga kiunzi cha maji na kutua ndani ya kidimbwi kwa mguu mmoja, kama ilivyo desturi. Yeye alijirusha mbali mpaka akatua pakavu. Watazamaji waliona kioja. Walidhani kijana anapoteza nguvu zake bure.

Kwa upande wake yalikuwapo machache, lakini yalikuwa na uzito. Mji wa Mexico uko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyembamba haikuwa mgeni kwa mtu wa nyanda za juu. Katika mchujo alishinda kwa kuwaacha wenzake mbali. Na siku 3 kabla, Naftali Temu, mwana wa Nyamira, hapo jirani na Homa Bay, alikuwa ameshinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Aliyeona ndugu yake akivuka mto hujua kwamba mto unavukika.

Mbio zilianza taratibu. Biwott alijiweka nyuma, hata mtu angeweza kudhani kwamba amechoka au amekata tamaa. Katika mzunguko wa mwisho, Kogo na Young wakiwa mbele, alianza kuwapita watu mmoja baada ya mwingine, akiruka maji bila kulowa, na katika mita za mwisho akampita Kogo mwenyewe. Saa zilisoma hivi: Biwott dakika 8 na sekunde 51.0, Kogo 8:51.6, Young 8:51.8, O'Brien 8:52.0. Watu 4 ndani ya sekunde moja! Wa kwanza aliingia katika historia, na wa nne akarudi nyumbani bila nishani.

Hebu chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Dakika 8 na sekunde 51 ni sekunde 531. Tofauti ya Biwott na Kogo ni sehemu 6 za kumi za sekunde moja. Tuseme mruko ule uliochekwa ulimpa faida ya sehemu moja tu ya kumi kila alipovuka kidimbwi. Mara 7, faida hiyo ni sehemu 7 za kumi. Sidai kuwa ndivyo ilivyokuwa hasa, kwani hakuna aliyepima hivyo. Nataka uone kwamba katika mbio za miruko 35 mambo madogo hujumlika, na aliye mnyonge kwa jina anaweza kuwa na deni dogo kuliko watu wanavyodhani. Katika mbio tambarare mwenye kasi kubwa hana cha kumzuia. Katika mbio za viunzi, kila kiunzi ni swali jipya, na hata bingwa sharti alijibu kila mara.

Lakini utaniambia: Mwalimu, huoni kwamba ni mlima uliomshindisha? Ukweli una pande mbili. Mlima ulisaidia, na asemaye haukusaidia hasemi kweli. Hewa ile iliwachelewesha wote. Rekodi ya dunia wakati huo, iliyowekwa na Jouko Kuha wa Finland mwaka ule ule, ilikuwa 8:24.2, karibu sekunde 27 chini ya muda wa Biwott. Kama mlima ungekuwa ndio sababu pekee, basi Wakenya wangeshindwa mara tu waliposhuka chini. Mwaka 1972 michezo ilifanyika Munich, mji ulio mita 500 na ushei tu juu ya bahari. Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1,500 ambaye hakuwa na mazoea makubwa ya viunzi, akashinda kwa 8:23.6, na Ben Jipcho akawa wa pili. Mlima ulifungua mlango. Waliopita mlangoni walikuwa watu na kazi yao.

Tangu hapo, kila Olimpiki ambayo Kenya ilihudhuria mpaka mwaka 2016, dhahabu ya wanaume katika mbio hizi ilikuwa ya Mkenya. Mwaka 1992 huko Barcelona na 2004 huko Athens, Wakenya walitwaa nishani zote 3, kama Wafini walivyofanya mwaka 1928. Hapo ndipo nilipokuomba ukumbuke. Watu walianza kusema juu yetu maneno yale yale yaliyosemwa juu ya Finland: kwamba tumezaliwa kwa mbio hizi. Aliyekuwa mnyonge akawa tajiri, na tajiri husahau njia aliyopitia.

Mwaka 2021 huko Tokyo, Soufiane El Bakkali wa Morocco akaukata mnyororo huo. Katika michezo hiyo hiyo, msichana wa Uganda, Peruth Chemutai, akashinda mbio za wanawake kwa 9:01.45, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata dhahabu ya Olimpiki. Beatrice Chepkoech wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia mwaka 2018, alitoka wa saba. Mwaka 2024 huko Paris, Kenneth Rooks wa Marekani, ambaye hakutajwa na wengi, alipunguza muda wake bora kwa zaidi ya sekunde 8, akapata fedha. Na mwaka 2025, katika Mashindano ya Dunia huko Tokyo, Geordie Beamish wa New Zealand, aliyekuwa ameanguka na kukanyagwa katika mchujo, alimpita El Bakkali kwenye mstari wenyewe. Shaba ilikwenda kwa Edmund Serem wa Kenya, kijana wa miaka 17, umri ambao wengi wenu msomao kitabu hiki mnao au mnaukaribia.

Basi nimjibuje kijana wangu wa Migori? Kwanza nitamwambia kweli iliyo chungu. Historia huandika majina ya wanyonge walioshinda, na huwaacha maelfu walioshindwa. Ukisoma habari za Biwott pekee, utadhani kila dau la mnyonge huenda joshi. Sivyo. Wengi hujifunza kuruka viunzi, wachache hufika mbio za mwisho, na ni 3 tu wanaopanda jukwaani. Kwa hiyo mtu asiviache vitabu vyake kwa kutumaini nishani.

Pili, nitamwambia kwamba hoja yake ya milima ina haki, lakini haina ukamilifu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Nyanda za Nandi zimepanda zaidi. Hilo ni upungufu, na upungufu hujazwa kwa kazi. Lakini "watu waliozaliwa kwa mbio hizi" wamekuwa Wafini, kisha Wakenya wa Bonde la Ufa, kisha Mmorocco, na mwaka 2025 mtu wa visiwa vya New Zealand. Sifa inayohama hivyo haiwezi kuwa imeandikwa katika damu ya kabila lolote. Kabla ya mwaka 1968, mtu wa Nandi angeweza kuuliza swali lile lile: mbio hizi si za watu wa theluji?

Tatu, nitamwonyesha kile ambacho Biwott alikuwa nacho na ambacho yeye pia anaweza kuwa nacho. Aliruka kwa namna yake, wala hakuiacha kwa sababu ya kuchekwa. Alisubiri nyuma bila kuona haya. Alikuwa na Temu wa kumtangulia, na Kogo wa kukimbia naye. Mnyonge hashindi akiwa peke yake. Hushinda akiwa na wenziwe, na kwa sababu wakubwa wamekoma kumtazama.

Wavuvi wetu hawaendi moja kwa moja kuukabili upepo. Hakuna tanga liwezalo hilo. Huenda kwa mshazari, upande huu kisha upande ule, mpaka wafike pale upepo ulipowakataza. Mtazamaji wa pwani hudhani wamepotea njia. Mwalimu wa michezo ameniambia kwamba kijana yule bado huja uwanjani jioni, na kwamba shimo letu limechimbwa upya, likaongezwa urefu. Nilikwenda kulitazama. Ukingoni mwake, upande wa mbali, nikaona alama mbili za nyayo pakavu.