Samaki wa Noeli kwa Mwalimu

Kila Desemba, mvua zikiwa zimeshika na maji ya Ziwa Kisale yakipanda, shule za msingi za Kinkondja, kama shule za Kongo nzima, hufunga muhula wa kwanza kwa proklamasyo. Majina ya wanafunzi husomwa hadharani, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, kisha watoto huachiwa waende kula Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya. Siku hizohizo mzazi hujiuliza ampelekee nini mwalimu: kitita cha samaki wa moshi, kuku, au kitenge kama mwalimu ni mama. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba shule ya msingi ya umma ni bure, swali hilo dogo limegeuka ubishi. Wapo wanaosema zawadi hiyo ni pesa ya shule iliyovishwa nguo za sikukuu. Wengine wanasema kumzuia mzazi kushukuru ni kumdhalilisha yeye na mwalimu pia. Pande zote mbili husema kana kwamba jambo hili lilianza juzi, na ndiyo maana haziafikiani. Ukiifuata historia, unaona kwamba zawadi ya mwalimu haikuharibiwa na wazazi wakarimu wala na walimu walafi. Iliharibika pale mshahara ulipoacha kuwa mshahara, zawadi ikatwishwa mzigo usiokuwa wake.

Enzi ya misheni inatosha kupitiwa haraka. William Burton na James Salter walifika Mwanza, nchi ya Waluba, mwaka 1915 na kuanzisha misheni ya Kipentekoste iliyosambaa hadi kwenye maziwa ya Lualaba. Misheni za Kikatoliki nazo zilijenga shule zao. Kuanzia 1925 serikali ya Ubelgiji ilizipa shule za Wakatoliki ruzuku, lakini Waprotestanti walisubiri hadi 1948. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, walikuwapo walimu wawili katika nchi moja, mmoja akitazama mfuko wa serikali, mwenzake akitazama mikono ya waumini. Zamani hizo pia lilikuwapo neno ambalo leo huitia doa kila bahasha: matabishi. Asili yake ni Kireno, na maana yake ni kuua mdudu, yaani funda la pombe la asubuhi la kumtuliza mdudu wa tumboni. Likawa bakshishi ya mpagazi, mwishowe likawa rushwa. Neno limeshuka ngazi lenyewe, na zawadi ya mwalimu imeshuka nalo.

Mwaka 1974 Noeli na shule zilipigwa kwa pamoja. Rais Mobutu, akiwa katika joto la siasa yake ya uhalisi na ugomvi wake na Kanisa Katoliki, aliifuta 25 Desemba kwenye orodha ya sikukuu za taifa, na mwaka ulipokuwa ukiisha akazitwaa shule za makanisa. Watu wa ziwani wangeweza kucheka kidogo, kwa sababu kalenda ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa na siku yao, 24 Juni, iliyohesabiwa pia kuwa siku ya wavuvi. Mvuvi akapewa sikukuu, Yesu akanyang'anywa yake. Haikudumu: Februari 1977 serikali ilitia saini mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wa shule, na baadaye Noeli nayo ikarudi kwenye kalenda. Lakini mkataba ule uliacha mpasuko ambao haujazibwa. Kanisa linaendesha shule, serikali inalipa walimu. Anayetakiwa kulipa hana haja ya kuona aibu mbele ya darasa, na anayeendesha hana mfuko. Kati yao amebaki mzazi.

Ilibidi mshahara ufe kabisa ndipo mzazi atwishwe mzigo wote, na kufa kwake kuna tarehe. Desemba 1992, wiki zilezile za proklamasyo, benki kuu ilitoa noti ya zaire milioni 5. Étienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyechaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa na ambaye Mobutu alikuwa akitaka kumwondoa, alitangaza kwamba noti ile si halali. Wafanyabiashara wakamsikiliza yeye. Mwishoni mwa Januari 1993 wanajeshi wa Kinshasa walilipwa kwa noti hizo, wakaenda sokoni, wakakataliwa. Wakapora mji, watu wengi wakauawa, balozi wa Ufaransa akiwa mmoja wao. Kasai waliikataa noti ile moja kwa moja wakaendelea na zaire zao kuukuu, hata Oktoba 1993 zaire mpya ilipoletwa kwa kubadilishwa na zaire za zamani milioni 3. Mwanajeshi aliyelipwa karatasi alikuwa na bunduki ya kudai nayo, mwalimu alikuwa na chaki. Migomo ilikuwa imeshazifunga shule za umma kwa miezi mingi, na katika miaka hiyohiyo maaskofu na vyama vya wazazi wakakubaliana kwamba wazazi wamlipe mwalimu kitu cha kumtia moyo ili madarasa yafunguliwe. Kikaitwa prime, yaani motisha. Lilikuwa jina la zawadi lililopewa mshahara.

Hapa ndipo wachunguzi wawili wa Ubelgiji, Kristof Titeca na Tom De Herdt, wanaposaidia sana. Katika makala yao ya 2011 juu ya elimu ya Kongo, walionyesha kwamba pesa ya mzazi haikuishia kwa mwalimu. Ilipanda: sehemu ilibaki shuleni, sehemu ikaenda ofisi za elimu na za makanisa, kila ngazi ikikata fungu lake. Kwa hoja yangu hilo ndilo jambo kubwa, kwa kuwa zawadi ina mtoaji na mpokeaji wanaojuana kwa uso. Ikishakuwa na asilimia ya ofisi, hiyo ni kodi. Mzazi aliyezoea miaka 25 kulipa kodi kwa jina la motisha hawezi kulaumiwa akitazama kuku wa Noeli kwa mashaka.

Mtu ataniambia kwamba hayo yamekwisha, kwani Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni bure, na Rais Félix Tshisekedi ameitekeleza. (Baba alizima noti, mwana akazima prime; historia ya Kongo ina mzaha wake.) Ni hatua ya kweli, na watoto wengi waliingia darasani kwa sababu hiyo. Ila amri haimalizi malipo ikiwa mfuko wa kuyaziba haujajaa. Kenya ilifuta karo ya madarasa ya chini mwaka uleule wa 1974, na mara michango ya majengo ikapanda. Nchini Kongo, wanaoufahamu ubovu huo ni walimu wa NU (nouvelles unités), wale wasio na namba ya malipo serikalini. Nao wanafundisha darasa zima kama wenzao. Prime ilipofutwa, mwenzao mwenye namba aliongezewa kitu na serikali. Wao walipoteza hata kile walichokuwa nacho.

Wengine watasema afadhali zawadi zote zipigwe marufuku, maana zinanunua alama. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kalenda. Samaki anayefika kabla ya proklamasyo ni hoja, anayefika baada yake ni shukrani. Kwa sababu hiyohiyo 30 Aprili, siku ya taifa ya elimu, ina nafuu kuliko Noeli, kwa kuwa haibanani na alama za muhula. Na mchango wa darasa wenye kiwango kilichotajwa na orodha ya waliotoa ni prime iliyofufuka, hata kama bahasha yake ina picha ya nyota ya Bethlehemu. Mzazi apeleke kitu kisichohesabika: chakula cha siku moja, kilichotoka kwenye mtego au shamba lake, bila daftari.

Kwa mwalimu mwenye namba ushauri huo unatosha. Kwa NU hautoshi, na sioni namna ya kuufanya utoshe. Mpe kitita cha samaki wa Kisale ukimtakia Noeli njema, naye ana watoto wa sekondari, na sekondari bado inalipiwa. Huenda samaki wale wasifike kwenye sufuria yake. Watapakiwa kwenye boti pamoja na shehena ya wachuuzi, wapande Lualaba hadi Bukama, wauzwe karibu na stesheni.