Azimio la Musoma na Njia ya Kuingia Chuo Kikuu
Hadi mwaka 1974, shule za sekondari nchini Tanzania zilimwandaa mwanafunzi wa kidato cha sita kwa mtihani uliomfikisha chuo kikuu moja kwa moja. Azimio la Musoma, la Novemba mwaka huo, lilikata mkondo huo: mhitimu alipaswa kwanza kufanya kazi, kisha apendekezwe na mwajiri na tawi la TANU. Nia ilikuwa kuzuia ubwana wa wasomi. Hata hivyo, mtihani, pamoja na kasoro zake, ulikuwa na muhtasari. Pendekezo halikuwa nao, wala hapakuwa na mwalimu wa kulifundisha. Walioumia zaidi ni wasichana, kwani ndoa na malezi viliwazuia wengi kurejea masomoni. Idadi yao chuoni ilipopungua, serikali iliwaondolea sharti hilo.