Kuunda na Kujenga: Vyombo vya Zege na vya Plastiki katika Mizani ya Kitenzi Kimoja



Katika lugha yetu nyumba hujengwa, lakini chombo cha baharini huundwa. Mtu wa mwambao kwa kawaida hasemi kwamba fundi amejenga jahazi, husema ameliunda. Siku hizi kitenzi hiki kimepanda nchi kavu, nasi twaunda kamati na serikali (nyingine zavuja kuliko mtumbwi mkuukuu), lakini makao yake ya asili ni pwani. Fasili za zamani za kamusi hukifungamanisha hasa na kazi ya mbao. Ikiwa ndivyo, chombo kisichokuwa cha mbao tukiitie kitenzi gani?

Swali hili si la mzaha. Mwaka 1848, huko Miraval, kusini mwa Ufaransa, Joseph-Louis Lambot alitengeneza mashua ndogo kwa kusuka wavu wa vyuma na kuukandika saruji. Mwaka 1855 aliionyesha kazi yake katika maonyesho makubwa ya Paris. Nia yake ilikuwa kupata kitu cha kushika nafasi ya mbao mahali penye unyevu. Kwa hiyo saruji yenye chuma ndani yake ilielea majini kabla haijazoeleka katika majumba. Sisi tunaodhani kuwa nondo na zege ni mali ya mwashi tumeipokea historia hii kinyumenyume.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta meli kubwa za aina hii, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu. Mnorwe Nicolay Fougner alishusha majini meli ya zege Namsenfjord mwaka 1917, na Wamarekani wakafuata kwa meli Faith mwaka 1918. Serikali ya Marekani ilipanga meli 24. Zilizokamilika ni 12 tu, na nyingi zilikuja vita vimekwisha. Mojawapo, Selma, ilishushwa tarehe 28 Juni 1919, siku ileile uliposainiwa Mkataba wa Versailles. Mwaka uliofuata iligonga gati la mawe huko Tampico, Meksiko, ikapasuka ubavu. Mwaka 1922 ikazamishwa makusudi karibu na Galveston, Texas, na mabaki yake yangali yanaonekana. Zege lilistahimili maji ya chumvi vizuri ajabu. Kilichoziponza meli hizo ni uzito wa viwiliwili vyao, uliopunguza nafasi ya shehena, na wepesi wao wa kupasuka zinapogongwa.

Kazi yenyewe ilifanywaje? Vibao vya kalibu vilisimamishwa, nondo zikafungwa, zege likamiminwa. Hapo mwashi angejiona yuko kwake, na ningemwelewa anayesema kwamba Selma ilijengwa.

Lakini tulitazame jahazi liitwalo Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mnamo Septemba 2018. Fundi wake mkuu, Ali Skanda, na wenzake walitumia takriban tani 10 za taka za plastiki zilizoyeyushwa, na wakalivika vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mapema mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Hapakuwa na mbao, lakini palikuwa na mkuku, palikuwa na mataruma, na plastiki ilichongwa kwa zana zilezile za seremala. Jahazi hilo liliundwa, wala sioni nafasi ya ubishi.

Basi kinachobeba maana ya kuunda ni mpango wa viungo: mkuku, kisha mbavu na ubavu, hadi mwili uweze kuelea. Mtepe ulioshonwa kwa kamba za usumba, bila msumari, uliundwa pia, ingawa ulitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Hata chokaa haikuwa ngeni baharini: deheni, ile iliyopakwa chini ya vyombo, ilikuwa chokaa iliyochanganywa na mafuta.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni faiba. Boti ya faiba hutoka katika kalibu ikiwa kiwiliwili kizima, na mara nyingi haihitaji mataruma ya kupigiliwa moja moja. Mvuvi huipenda kwa sababu haioti fuko wala haihitaji kukalafatiwa kila msimu, naye ana haki. Lakini kukalafati, deheni na taruma ni maneno yanayoishi mikononi mwa mafundi. Jahazi la taka limeyahifadhi mengi kati ya hayo; boti ya faiba, iliyo ghali na ya kisasa, inayaacha ufukweni.