Wadi Mbili za Vienna na Daftari la Wakunga

 

Umewahi kumwona sista katika wadi ya kujifungulia akiinamia lile daftari kubwa, akiandika jina lako, saa uliyojifungua na uzito wa mtoto? Pengine ulikasirika. Wewe una uchungu, yeye anaandika! Leo nataka nikusimulie habari ya kweli ya daftari kama hilo, na jinsi lilivyofichua jambo ambalo madaktari wakubwa hawakutaka kuliona.

Twende Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1846. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wadi mbili za kujifungulia, na wengi waliofika humo walikuwa wanawake maskini. Wadi ya kwanza ilikuwa ya kufundishia wanafunzi wa udaktari. Wadi ya pili ilikuwa ya kufundishia wakunga. Mama hakuwa na uchaguzi. Wadi hizo zilipokezana siku za kupokea wagonjwa, kwa hivyo siku uliyoshikwa na uchungu ndiyo iliyoamua utalala wapi.

Ugonjwa ulioogopwa ulikuwa homa ya uzazi. Mama anajifungua salama, anamnyonyesha mtoto, halafu siku chache baadaye anashikwa na homa kali, tumbo linavimba na kuuma, kisha anafariki. Mara nyingi mtoto naye alimfuata.

Sasa tazama hesabu ya mwaka huo. Katika wadi ya madaktari walijifungua akina mama 4,010, wakafa 459. Katika wadi ya wakunga walijifungua 3,754, wakafa 105. Yaani kwa madaktari walikufa akina mama zaidi ya 11 katika kila 100. Kwa wakunga hawakufika 3. Hospitali ni moja, chakula ni kimoja, hewa ni moja.

Akina mama wa Vienna hawakuhitaji daftari kujua hayo. Walipiga magoti na kulia wasipelekwe wadi ya kwanza. Wengine walijifungulia barabarani wakiwa njiani, na ajabu ni kwamba hao wa barabarani hawakuugua homa kama wale waliozalishwa na madaktari. Wanawake walisema, lakini nani aliwasikiliza? Wakubwa walijibu kwamba ni hewa mbaya ya mji, au ni hofu tu ya wanawake wenyewe.

Daktari mmoja kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, alikuwa msaidizi katika wadi hiyo ya kwanza. Vifo vile vilimnyima usingizi. Akaanza kuchunguza kila kisababu kilichotajwa. Ni msongamano? Hapana, wadi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi, maana kila mtu aliikimbilia. Ni namna mama anavyolala akijifungua? Akawalaza kama wakunga walivyowalaza, vifo vikabaki palepale. Je, ni kasisi anayepita na kengele kwenda kumwombea anayekufa, akiwatia wengine hofu? Kasisi akaombwa apite njia nyingine bila kengele. Wapi! Akina mama waliendelea kufa.

Daftari lilimpa jambo jingine. Kabla ya mwisho wa mwaka 1840, wanafunzi wa udaktari na wa ukunga walichanganywa katika wadi zote mbili, na tofauti hiyo kubwa haikuwako. Ilianza walipotenganishwa.

Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Daktari Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma maelezo ya mwili wake, aliona ni yaleyale aliyoyaona kwa akina mama. Hapo akaelewa. Madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti, wakaja moja kwa moja kumpima mama kwa mikono ileile. Wakunga hawakupasua maiti.

Mwezi Mei mwaka huo aliweka beseni la maji yenye dawa ya klorini mlangoni, akaagiza kila anayeingia aoshe mikono. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa akina mama 18 katika kila 100. Mwezi Juni walikufa 2 katika kila 100. Mwaka 1848, kati ya akina mama 3,556 walikufa 45, na ile tofauti na wadi ya wakunga ikaisha kabisa. Katika mwezi wa Machi na wa Agosti mwaka huo hakufa hata mmoja.

Lakini safari haikuwa nyoofu. Oktoba 1847 alilazwa mama mwenye saratani ya kizazi iliyooza. Walioingia walikuwa wameosha mikono mlangoni, ila hawakuiosha tena baada ya kumpima yeye. Kati ya akina mama 12 waliojifungua pamoja wakati huo, 11 walikufa. Tangu hapo amri ikawa kuosha mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Ungedhani alipewa tuzo. La. Wakubwa wengi walichukizwa kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua, na mwaka 1849 kazi yake hapo haikuongezwa muda. Naye alikuwa mkali wa maneno, na alichelewa mno kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Alifariki mwaka 1865 akiwa na miaka 47, katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa sumu ya kidonda iliyoingia katika damu. Mwaka 1879 ndipo Louis Pasteur wa Ufaransa alipowaonyesha wenzake vijidudu vya homa ya uzazi.

Kuna jambo dogo katika daftari lile ambalo mimi huliona kubwa. Wagonjwa wengine wa wadi ya kwanza walihamishiwa wadi nyingine za hospitali, wakafia huko, na vifo vyao havikuandikwa katika wadi walimozalia. Kwa hivyo hata ile hesabu ya kutisha ilikuwa imepunguzwa.

Ndiyo maana leo kifo cha mama kutokana na uzazi huhesabiwa hadi siku 42 baada ya kujifungua, popote atakapokuwa. Homa ya uzazi haijaisha, na mara nyingi huja ukiwa umesharudi nyumbani. Ukiona joto la mwili limepanda, tumbo la chini linauma, au uchafu unatoka na harufu mbaya, usingoje kesho. Rudi hospitalini siku hiyohiyo, hata usiku, ubebe na kadi yako ya kliniki. Nyanya, wewe unayemkanda mama maji moto, ukimsikia anatetemeka usiseme ni baridi ya kawaida.

Na sista anapokuja kukupima, una haki ya kumuuliza kwa upole, "Sista, umenawa mikono?" Muuguzi mwema hatakasirika. Akimaliza, atarudi kwenye daftari lake. Mpe jina lako sawasawa na nambari ya simu inayopatikana.