Bakteria wa Tissier: Kutoka Paris hadi Ziwa Eyasi

Mwaka 1899, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, daktari Henry Tissier alikuwa akichunguza kinyesi cha watoto wanaonyonya. Chini ya hadubini aliwaona bakteria wenye umbo la herufi Y, tele, na watoto wenyewe walikuwa na afya njema. Akashauri watoto wanaoharisha wapewe bakteria hao. Leo tunawaita Bifidobacterium, na jina lao limeandikwa kwenye vikopo vya mtindi nchi nyingi.

Nimeamua kufuata nyayo za bakteria hao, kwa sababu safari yao inaonyesha jinsi sayansi inavyoweza kuhesabu kwa bidii na bado ikakosea hesabu.

Baada ya Tissier, aliyetaka kujua kilichomo tumboni ilimlazimu kuotesha bakteria kwenye sahani za maabara. Anayeota akahesabiwa, asiyeota akawa kama hayupo. Na wengi wa wakazi wa utumbo mpana hufa wakikutana na oksijeni! Robert Hungate wa Marekani, aliyechunguza matumbo ya ng'ombe, alibuni mirija isiyoingiza hewa, ikasaidia sana. Hata hivyo wengi waliendelea kugoma kuota.

Njia mpya ilifunguliwa na watu ambao hawakuwa wakishughulika na matumbo. Mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walilinganisha molekuli iliyomo ndani ya ribosomu, mitambo midogo ya seli inayotengeneza protini. Molekuli hiyo, iitwayo 16S, ina herufi za kijeni zipatazo 1,500. Sehemu zake nyingine zinafanana kwa bakteria karibu wote, nyingine hutofautiana ukoo kwa ukoo. Kumbe kila bakteria hubeba nasaba yake mwilini!

Hapo ndipo vitambuzi vya jeni vilipopata kazi. Mwaka 1988 David Stahl na wenzake walivitumia kuchunguza tumbo la ng'ombe. Mwaka uliofuata Edward DeLong, Gene Wickham na Norman Pace wakavitia rangi inayong'aa. Kitambuzi ni uzi mfupi wa kijeni, mara nyingi wa herufi 18 hivi, uliotungwa ushikamane na sehemu moja tu ya 16S kama ufunguo na kufuli lake. Bakteria huuawa kwanza kwa dawa inayohifadhi umbo lao, kisha uzi hupenya ndani. Usipopata wa kushikamana naye, huoshwa ukatoka. Ukimpata, seli yake huwaka chini ya hadubini, maana ina maelfu ya ribosomu na kila moja hushika uzi wake. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji bakteria aote. Inatosha awepo.

Mwaka 1995, watafiti wa Groningen, Uholanzi, walitunga vitambuzi vitatu vya Bifidobacterium. Katika kinyesi cha watu wazima wakakuta bakteria hao ni sehemu ndogo tu ya wote. Uoteshaji ulikuwa umeikuza sehemu hiyo takriban mara kumi, kwa kuwa wao huota kwa urahisi kuliko majirani zao.

Nyayo zinaishia kwetu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti kuhusu Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, uliosoma herufi za 16S moja kwa moja. Kwa watu wazima Bifidobacterium hawakuonekana. Watafiti walihusisha jambo hilo na maisha yasiyo na maziwa ya mifugo baada ya kuachishwa ziwa. Wahadzabe wale hawakuwa wagonjwa.

Basi kipimo cha tumbo lenye afya kilichowekwa Paris hakitoshi Eyasi. Vyuo na maabara zetu za Afrika Mashariki zichukue vitambuzi hivi na kuhesabu matumbo ya watu wetu wenyewe: wavuvi, wafugaji, wakulima na watu wa mjini.